"Nilifowadi tu, sikusema mimi": jibu kwa dada wa Busia

Swali limetoka kwa mama anayeuza vitenge Busia, upande wa Uganda. Nimelifupisha na kuondoa majina.

"Kaka wakili, salaam. Niko kwenye grupu la WhatsApp la kikundi chetu cha akiba, watu kama tisini. Mwezi uliopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka grupu jingine, mtu anasema aliyekuwa mweka hazina wetu amekula pesa za kikundi akajengea nyumba. Nikaufowadi kwenye grupu letu na kuandika chini yake, 'Jamani, mnamjua huyu mama wa mchele, stendi ya chini?' nikaweka na kale kaemoji ka kanyani kanakoziba macho. Jina sikutaja. Baada ya saa mbili nikaufuta. Sasa wakili wake ameniletea barua: nilipe milioni thelathini na niombe radhi ndani ya siku saba, la sivyo nitashtakiwa, na polisi nao wataniita. Nina kosa gani, na mimi nilifowadi tu? Mtoto wa dada yangu ndiye admini wa grupu, naye atashtakiwa? Kuna watu wananiambia nisijibu kitu, eti ile sheria ya mitandao mahakama ilishaifuta."

Dada yangu, nianze na hao wanaokuambia usijibu, maana ndio wanaoweza kukutia hasara kubwa kuliko huyo mama wa mchele. Wamesikia jambo la kweli wakalipeleka pasipo pake. Ni kweli kwamba tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kile kilichofanya kumsumbua mtu kwa ujumbe wa simu au kompyuta kuwa kosa. Majaji waliona maneno yake ni mapana mno, hivi kwamba mtu hawezi kujua mapema alipovuka mpaka. Lakini kile kilikuwa kifungu cha jinai, cha polisi na jela. Barua uliyoletewa inadai fidia, na dai la kashfa halikuwahi kusimama juu ya sheria hiyo. Linatoka kwenye kanuni tulizorithi kwa Waingereza, zile mahakama zetu zinazitumia tangu enzi za magazeti ya karatasi. Hakuna aliyezifuta. Ukikaa kimya kwa sababu ya kifungu cha 25, utakuwa umejifunika blanketi la jirani.

Sasa hilo la kufowadi.

Anayedai kashfa ana mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba maneno yanashusha heshima yake mbele ya watu wa kawaida wenye akili timamu, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba wewe uliyafikisha kwa mtu wa tatu. Hakuna mahali anapotakiwa kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyeyatunga. Anayerudia kashfa anahesabiwa kama ameisema mwenyewe, hata akianza na "nasikia", "wanasema" au "kama nilivyopokea". Maneno hayo matatu yanapendwa sana kwenye magrupu yetu, na mahakamani hayana kazi. Ulipobonyeza ule mshale, uliwafikishia watu kama tisini habari ambayo labda wasingeipata. Kwa sheria, huo ni uchapishaji wako wewe.

Na wewe hukufowadi tu. Uliongeza maneno.

Hapo ndipo wakili wake atakapoweka nguvu zake zote. "Mama wa mchele, stendi ya chini" ni jina kamili kwa mtu yeyote anayenunua mchele Busia. Sheria haidai jina la kwenye kitambulisho. Inauliza kama waliosoma walimjua anayesemwa. Akileta mashahidi wawili kutoka kwenye grupu waseme "tulijua ni yeye", hoja hiyo imekwisha. Kanyani nako hakatakusaidia. Mwaka 2013 kule London, Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge la Uingereza, alishindwa hoja mahakamani kwa sababu ya tweet fupi iliyouliza kwa nini Lord McAlpine anazungumzwa sana, ikamalizia kwa maneno ya kuigiza uso usio na hatia. Siku zile kulikuwa na uvumi wa uongo kwamba mwanasiasa huyo aliwadhulumu watoto, ila Bercow hakusema kwamba bwana yule ametenda lolote. Jaji alisema msomaji wa siku zile, akijua habari iliyokuwa ikivuma, angeelewa kejeli ile kuwa shutuma. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila katika kashfa majaji wa Kampala huzisoma kwa heshima, na sioni sababu kanyani ka Busia kasomwe tofauti.

Kuhusu kufuta: ulifanya vizuri, ila usitegemee kwamba umejinasua. Uchapishaji ulikamilika mtu wa kwanza aliposikiliza. Kufuta kunapunguza kiasi cha madhara na kunaonyesha kwamba hukuwa na nia ya kumwandama, na hayo mawili yana uzito fidia inapokadiriwa. Jambo moja ulishike sana: usifute kingine chochote. Kama ujumbe uliokufikia mwanzo bado umo kwenye simu yako, pamoja na namba iliyoutuma na saa, utunze. Usibadilishe simu, usiirudishe kuwa mpya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, lakini inamtaka anayeuleta aonyeshe kwamba ni halisi na haujachezewa. Skrinishoti peke yake inaweza kupingwa, simu yenyewe ni vigumu zaidi. Huo ujumbe wa mwanzo ndio utakaoonyesha kwamba haukuzaliwa kwako.

Najua unachowaza: basi amshtaki aliyeusema kwanza. Anaweza, lakini halazimiki. Kila aliyesambaza anabeba mzigo wake, na mdai ana hiari ya kumchagua aliye karibu. Wewe una kibanda kinachojulikana na laini iliyosajiliwa. Yule wa mwanzo huenda ni namba tu. Kumsaka mtu aliyejificha mtandaoni ni kazi iliyowashinda hata mawakili. Mwaka 2016 wakili wa Kampala, Fred Muwema, aliipeleka Facebook mahakamani Dublin, ambako kampuni hiyo ina makao yake ya Ulaya, akitaka maandishi yaliyomhusu kwenye ukurasa wa TVO, jina la bandia la mwandishi aliyejificha, yaondolewe na mwenye ukurasa atajwe. Jaji alikataa kuamuru yaondolewe, ila akakubali utambulisho wa mwandishi utolewe. Facebook wakarudi na ushahidi kwamba mtu huyo akijulikana maisha yake yatakuwa hatarini, na mwaka 2017 jaji akaigeuza amri yake. Ikiwa Muwema alisafiri hadi Ireland na kurudi bila jina, mama wa mchele hatahangaika na namba asiyoijua wakati wewe uko mita mia kutoka kwake. Unachoweza kufanya wewe, kesi ikifunguliwa, ni kuiomba mahakama imwingize aliyekutumia ili achangie fidia. Mwambie wakili wako hilo mapema.

Kuna watu watakuambia kwamba ujumbe wa sauti ni maneno ya mdomo tu, na kashfa ya mdomo hailipwi mpaka mtu athibitishe hasara. Kanuni ipo kweli, kashfa ya kutamka hudai ushahidi wa hasara. Lakini sauti iliyorekodiwa inakaa, inarudiwa, inasafiri, na kwa maoni yangu mahakama itaihesabu pamoja na maandishi. Hata isipofanya hivyo, kumwita mtu mwizi ni kumtuhumu kosa la jinai, na hapo hata maneno ya mdomo hayahitaji ushahidi wa hasara. Usipoteze pumzi kwenye hoja hiyo.

Sasa utetezi, kwa maana unao.

Wa kwanza ni ukweli. Kama mweka hazina alichukua pesa kweli na unaweza kuthibitisha, dai lake linaanguka. Ila ni wewe mwenye mzigo wa kuthibitisha, na huwezi kuutua kwa "kila mtu anajua". Vinatakiwa vitabu vya kikundi, risiti za benki, taarifa za mobile money, muhtasari wa mkutano aliokiri, mashahidi watakaosimama na kuapa. Kitabu chenu cha akiba kiko wapi leo? Nani anakishika? Ukiweza kukipata, piga picha kila ukurasa wiki hii. Kama huna ushahidi wa namna hiyo, usiandike popote kwamba yalikuwa kweli. Utetezi wa ukweli ukishindwa, jaji anaweza kuona kwamba umemtukana mara mbili, na fidia hupanda.

Wa pili, ambao naona ndio wako hasa, watu wengi hawaujui. Sheria inawapa kinga, kwa masharti, watu wanaoambiana jambo wanalohusika nalo kwa pamoja. Wanachama wa kikundi cha akiba wana haki ya kuzungumza juu ya pesa zao na aliyezishika. Ukisema ndani ya kikundi "tuangalie hesabu za mweka hazina wa zamani, kuna maneno yanazunguka", kinga inaweza kukulinda hata ikionekana baadaye kwamba maneno yale hayakuwa sahihi. Lakini kinga hii hupotea kwa njia mbili. Kwanza, ukiongozwa na chuki. Mliwahi kugombana, wewe na yeye? Kuna ujumbe wa zamani ulimwita majina? Mwambie wakili wako ukweli wote kuhusu hilo, kwa sababu upande wa pili utautafuta. Pili, ukiwaambia wasiohusika. Kwa hiyo nenda kwenye orodha ya grupu, mmoja baada ya mwingine. Wote tisini ni wanachama wanaoweka akiba? Au wamo waendesha boda boda, wabadilisha pesa wa mpakani, wateja, mashemeji, na mtu aliyeongezwa siku ya harusi hakuondolewa? Kama ni wanachama watupu, una utetezi wa kusimama nao. Kama grupu limekuwa la mji mzima, kinga inayeyuka. Na kale kanyani kataulizwa tena hapa, kwamba huyu alikuwa anaonya wenzake au anacheka?

Maoni ya haki ni utetezi wa tatu, na kwako haufai. Unalinda maoni juu ya mambo yaliyo kweli na yanayougusa umma. "Amekula pesa" ni dai la jambo lililotokea.

Kuhusu milioni thelathini, usikose usingizi. Hiyo ni bei ya kwanza ya mwuzaji. Wakili anaandika kiasi kikubwa akijua kitashuka, na mahakama haifungwi nacho. Jaji au hakimu hutazama uzito wa tuhuma, idadi ya waliosikia, hadhi ya aliyesemwa, na hasa wewe ulifanya nini baadaye. Watu tisini kwa saa mbili si gazeti la taifa. Dai la kiasi hicho linaweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu, maana uwezo wake katika madai unafika milioni 50, ingawa wengi wa aina hiyo hupenda kukimbilia Mahakama Kuu. Kote huko mtapelekwa kwanza kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na kesi nyingi za namna hii nadhani zingestahili kuishia hapo.

Siku saba ni za wakili wake, si za sheria. Za sheria ni 15: ukikabidhiwa wito wa mahakama, unazo siku 15 za kupeleka utetezi wako. Ukizipitisha, mahakama inaweza kukuona umeshindwa kwa kutojibu, kikabaki kikao cha kupanga kiasi cha fidia. Hiyo ndiyo hatari ya ushauri wa "nyamaza". Wito ukija, soma maneno wanayodai uliyasema. Yanapaswa kuandikwa kama yalivyotamkwa, kwa lugha yenyewe, na tafsiri ya Kiingereza kando. Sauti ile kama ilichanganya Kiswahili na Kisamia, mpe mtu anayezijua lugha zote mbili asikilize huku akisoma. Tafsiri mbovu si haba kwenye kesi hizi.

Polisi sasa. Hapa naona kuna kutishana, na sipendi tabia ya kutumia polisi kukusanya fidia. Lakini jinai imekuwepo. Kanuni ya Adhabu imekuwa na kosa la kashfa, kifungu cha 179 kwa namba za zamani (toleo lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba za sheria nyingi), na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilikataa hoja za waandishi wa habari waliotaka liondolewe. Kisha marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yakaingiza kosa la kusambaza habari zenye nia mbaya juu ya mtu, adhabu yake faini hadi milioni 15 au kifungo hadi miaka saba, au vyote. Miaka saba kwa kufowadi! Wanaharakati waliipeleka Mahakama ya Katiba mara tu iliposainiwa. Vifungu vya namna hii vimekuwa vikianguka kimoja kimoja: habari za uongo mwaka 2004, uchochezi mwaka 2010, kifungu cha 25 mwaka 2023. Kwa hiyo ukiitwa, wakili wako akague kwanza hali ya kifungu kilichoandikwa kwenye wito, siku hiyo hiyo. Bado katika jinai ni lazima waithibitishe nia yako bila shaka ya maana. Nenda ukiitwa, usikimbilie upande wa Kenya, lakini nenda na wakili au mtu mzima unayemwamini. Usiandike maelezo bila ushauri. Usiwape simu yako kwa hiari kabla wakili hajaona hati. Wakikuzuia, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na dhamana ya polisi haina malipo hata shilingi moja, aseme nani.

Nimetaja upande wa Kenya, na huenda hujui kwamba nao unahusika. Kama nusu ya grupu wako Busia ya Kenya, walisikiliza wakiwa Kenya, na huyo mama anaweza kufikiria kushtaki kule. Kenya mahakama iliifuta kashfa ya jinai Februari 2017, kwa hiyo polisi wa kule hawawezi kukushika kwa kosa hilo. Dai la fidia lipo, ila mdai ana miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Kwetu Uganda ana miaka sita. Usihesabu kwamba atachoka akasahau.

Ukiniuliza ningefanya nini, ningetafuta wakili kesho. Kama huna uwezo, jaribu FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake), Justice Centres (vituo vya msaada wa kisheria), au mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili. Ajibu barua kwa lugha ya upole, akiandika juu yake kwamba mazungumzo hayaathiri haki zako, ili yasigeuzwe kuwa kukiri. Wewe mwenyewe usimpigie mama wa mchele, usimtumie shangazi, na usiingie kwenye grupu kujitetea. Nimeona kesi ndogo zikinona kwa ajili ya majibizano ya usiku.

Kama vitabu havikuungi mkono, omba radhi, na uombe pale pale ulipotuma, kwa watu wale wale, baada ya mawakili wawili kukubaliana maneno. Kitu kama hiki kinatosha: "Tarehe fulani nilituma hapa ujumbe wa sauti uliomhusu aliyekuwa mweka hazina wetu. Sikuwa na uthibitisho wa yaliyosemwa. Naufuta usemi huo na ninamwomba radhi yeye na kikundi." Usiandike "kama kuna aliyekwazika", wala "sikujua kwamba ni uongo ila mlijua wenyewe". Radhi yenye mkia inazidisha hasira ya mdai na fidia yake. Radhi safi, iliyotolewa mapema, wakili wako ataiweka mezani siku ya usuluhishi na mazungumzo yatashuka kutoka mamilioni hadi gharama za barua, au karibu na hapo.

Mtoto wa dada yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inawalinda watoa huduma kwa yale yanayoandikwa na wateja wao, ila ilikuwa ikiwafikiria makampuni, si kijana mwenye simu. Hoja ya upande wa pili itatoka mbali: mwaka 1937 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Byrne dhidi ya Deane, ilikubali kwamba wenye klabu ya gofu wanaweza kuhesabiwa wachapishaji wa shairi lililobandikwa na mtu mwingine ukutani kwao, kwa sababu waliliona, walikuwa na uwezo wa kulibandua, wakaliacha. Siku hizi admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Kwa hiyo kinachomhusu ni alijua saa ngapi na akafanya nini. Uliufuta mwenyewe baada ya saa mbili, na kama hakuna aliyemlalamikia ndani ya muda huo wala yeye hakuweka dole gumba, simwoni akiwa na kesi. Ila leo hii apitie grupu aone kama kuna wengine waliorudia sauti ile baada yako. Apige picha kwanza kila aliyerudia, namba na saa vionekane, kisha afute.